Ajayi Crowther: Mtumwa Aliyeushinda Uovu kwa Tumaini

Wahenga walinena kwamba baada ya dhiki faraja. Usemi huu hutajwa mara nyingi katika insha za wanafunzi wetu, hata pengine umezoeleka ukapoteza uzito wake. Yuko Mwafrika mmoja wa karne ya 19 ambaye maisha yake yanaurejeshea uzito huo. Naye ni Askofu Samuel Ajayi Crowther.

Ajayi alizaliwa yapata mwaka wa 1807 katika mji wa Osogun, nchi ya Wayoruba, ambayo leo ni sehemu ya Nigeria. Mnamo mwaka wa 1821 wavamizi waliuzingira mji huo, wakauteketeza kwa moto na kuwateka watu wake. Ajayi alichukuliwa pamoja na mama yake na ndugu zake, kisha wakatenganishwa. Aliuzwa mara kadhaa, safari moja akibadilishwa kwa farasi, mpaka akakata tamaa na kutamani kifo. Hatimaye alifikishwa Lagos, akauziwa Wareno na kupakiwa melini ili avushwe bahari ya Atlantiki.

Mwezi wa Aprili mwaka wa 1822, meli hiyo ilikamatwa na manowari za Uingereza zilizokuwa zikipiga vita biashara ya watumwa. Ajayi akapelekwa Freetown, Sierra Leone, mahali walipokuwa wakishushwa mateka waliookolewa. Huko alitiwa shuleni chini ya wamishonari wa chama cha CMS, na katika muda wa miezi sita hivi aliweza kulisoma Agano Jipya. Alibatizwa mwaka wa 1825 akapewa jina la Samuel Crowther. Yeye mwenyewe alieleza baadaye kwamba aliona kuwa kuna utumwa mbaya kuliko ule wa minyororo, yaani utumwa wa dhambi. Tangu hapo alitaka kuwaletea wenzake uhuru wa aina zote mbili.

Mwaka wa 1827 aliingia katika chuo cha Fourah Bay, akiwa miongoni mwa wanafunzi wake wa kwanza kabisa, kisha akawa mwalimu. Walimu na wazingatie jambo hili: kazi ya kwanza ya mtu huyu mashuhuri ilikuwa ya chaki na ubao. Alimwoa Asano, mwanamke aliyeokolewa utumwani kama yeye. Mwaka wa 1843 alipewa daraja la ukasisi huko Uingereza, na mwaka huo huo akachapisha kitabu cha msamiati wa Kiyoruba.

Kisha akarejea katika nchi ile ile iliyomuuza. Mwaka wa 1846 alifika Abeokuta kuhubiri, na siku si nyingi akaonana na mama yake, Afala, baada ya kutengana kwa miaka 25. Mama alitetemeka, asiyaamini macho yake. Mwaka wa 1848 Afala alibatizwa kwa jina la Hannah. Ajayi hakuwatafuta waliomwuza ili alipize kisasi. Alijenga makanisa na shule, akaongoza kazi ya kuitafsiri Biblia kwa Kiyoruba, kazi iliyokamilika katika miaka ya 1880. Mwaka wa 1864, katika kanisa kuu la Canterbury, akawekwa wakfu kuwa askofu, Mwafrika wa kwanza kupata cheo hicho katika Kanisa la Anglikana.

Lau hadithi ingekomea hapo, ingekuwa tamu mno. Lakini ubaguzi ulikuwa unakuja nyuma yake. Katika uzee wake walitumwa wamishonari vijana wa Kizungu walioidharau kazi ya Waafrika katika nchi za mto Niger. Mwaka wa 1890, katika kikao kilichofanywa Onitsha, waliwasimamisha kazi baadhi ya watumishi wake na kumvunjia heshima mzee huyo aliyekuwa na umri wa zaidi ya miaka 80. Akajiuzulu katika kamati hiyo. Alifariki tarehe 31 Desemba 1891, na aliyeshika nafasi yake alikuwa Mzungu.

Wapo wanaodai kwamba Crowther alikuwa chombo tu cha wakoloni. Ni kweli kwamba wamishonari, wafanyabiashara na watawala waliandamana katika njia moja, na hilo lisifichwe madarasani. Hata hivyo, chombo hakiwezi kuteta na mwenye kukishika. Crowther aliteta alipoona watumishi wake wanaonewa, wala hakuiacha imani yake kwa sababu waliomdhulumu walikuwa wakiikiri imani hiyo hiyo. Alijua kuutenga ujumbe na udhaifu wa wajumbe.

Kwetu Kenya, habari hizi si ngeni. Freretown, Mombasa, ilianzishwa na chama hicho hicho katika miaka ya 1870 ili kuwapokea watumwa waliookolewa baharini, na jina la Kengeleni bado linaikumbusha kengele yao.

Mwaka wa 2014, miaka 150 tangu Crowther awekwe wakfu, Kanisa la Anglikana lilifanya ibada huko Canterbury ya kumshukuru Mungu kwa ajili yake na kutubia dhuluma aliyotendewa. Toba hiyo ilichelewa, lakini ilikuja.

Kwa hiyo, mwanafunzi anayeonewa leo asidhani kwamba tumaini ni kukaa kitako akingoja meli ya kumwokoa. Ajayi aliokolewa akiwa kijana, na umri wake wote uliobaki akautumia kufundisha, kuandika na kusamehe. Nao walimu wasiridhike na kuwakaririsha vijana tarehe za maisha yake. Wawaulize pia ni nini kilichomwezesha mtu aliyeuzwa kama bidhaa kurudi kwao bila chuki moyoni.