Waruhiu wa Kung'u: Chifu Mkuu aliyeuawa ndani ya Hudson yake

MNAMO Oktoba 7, 1952, mchana kweupe, watu watatu waliovalia sare za polisi walilisimamisha gari kubwa la Kimarekani aina ya Hudson katika eneo la Gachie, yapata kilomita 11 kutoka katikati ya jiji la Nairobi.

Mmoja wao alilikaribia gari hilo na kuuliza iwapo Chifu Waruhiu alikuwa ndani. Aliyeketi kiti cha nyuma alipoitikia kuwa ndiye, alifyatuliwa risasi mdomoni, kisha nyingine mwilini. Wauaji walitoboa matairi kwa risasi na kutoweka. Dereva na abiria wengine wawili hawakuguswa.

Hivyo ndivyo ulivyomalizika uhai wa Chifu Mkuu Waruhiu wa Kung'u, mmojawapo wa Waafrika waliotegemewa mno na serikali ya kikoloni katika Mkoa wa Kati. Siku 13 baadaye, Kenya iliwekwa chini ya hali ya hatari, na historia ya nchi ikashika njia nyingine.

Wengi wanaosoma habari za vita vya Mau Mau hukutana na jina la Waruhiu katika sentensi moja tu, ile ya kifo chake. Hata hivyo, maisha yake yanaeleza mengi kuhusu namna ukoloni ulivyotawala kupitia kwa wenyeji wenyewe, na jinsi ulivyowatuza waliokubali kuutumikia. Motokaa aliyofia ndani yake ni sehemu ya maelezo hayo.

Waruhiu alizaliwa Kiambu katika miaka ya mwisho ya karne ya 19, wakati Waingereza walipokuwa ndio kwanza wanaingia nchi ya Agikuyu. Kabla ya hapo, jamii hiyo haikuwa na machifu. Mambo ya ardhi, mahari, mashamba na ugomvi yaliamuliwa na mabaraza ya wazee. Ni Waingereza walioteua watu wa kupokea amri kutoka juu na kuzitekeleza vijijini, na sheria ya mwaka wa 1912 ikawapa machifu hao uwezo wa kuwaamuru watu katika mambo mengi ya kila siku.

Kazi ya chifu haikuwa ya kupendwa. Yeye ndiye aliyesimamia ukusanyaji wa kodi ya vibanda. Yeye ndiye aliyeitisha vijana wakatengeneze barabara, na baada ya Vita Vikuu vya Pili, wanawake wakachimbe matuta ya kuzuia mmomonyoko wa udongo. Mlowezi alipohitaji vibarua, afisa wa wilaya alimtazama chifu.

Waruhiu alishika wadhifa huo katika miaka ya 1920, akawa chifu katika sehemu za Githunguri, na baadaye akapandishwa cheo kuwa Chifu Mkuu. Alikuwa Mkristo wa dhati. Katika enzi ambapo misheni ndiyo iliyokuwa mlango wa shule, kalamu na kazi ya serikali, imani hiyo ilimweka karibu na Wazungu. Wakati kanisa na wafuasi wake walipofarakana kuhusu tohara ya wasichana mwaka wa 1929, na Agikuyu wengi wakaanzisha makanisa na shule zao huru, Waruhiu alibaki katika kanisa la misheni.

Ajabu ni kwamba Githunguri hiyohiyo ndiyo iliyokuja kuwa kitovu cha shule huru. Mwaka wa 1939, Peter Mbiyu Koinange, aliyekuwa amerejea kutoka masomoni Marekani, alianzisha hapo chuo cha walimu. Jomo Kenyatta, baada ya kurudi kutoka Uingereza mwaka wa 1946, akakiongoza chuo hicho. Basi katika tarafa moja walikuwako chifu aliyeamini kuwa maendeleo yangepatikana kwa kushirikiana na serikali, na chuo kilichofundisha kuwa Mwafrika angeweza kujijengea elimu yake bila ya kumpigia mzungu magoti.

Waswahili husema mtumikie kafiri upate mradi wako. Swali ambalo vijana wa Kiambu walianza kuuliza katika miaka ya 1940 ni mradi wa nani uliokuwa ukipatikana. Ardhi iliyonyakuliwa na walowezi haikuwa imerudishwa. Kipande kilikuwa kikining'inizwa shingoni mwa mwanamume tangu miaka ya mwanzo ya 1920, na ni mwaka wa 1947 tu ambapo sheria hiyo ilibadilishwa. Mkulima wa Kiambu aliyezungukwa na mashamba ya kahawa ya Wazungu hakuruhusiwa kupanda mibuni yake mwenyewe. Lakini machoni pa vijana hao, machifu walizidi kunenepa: nyumba za mawe, mashamba makubwa na motokaa.

Hapo ndipo thamani ya Hudson inapoeleweka.

Kampuni ya Hudson ilianzishwa Detroit mwaka wa 1909, ikapewa jina la Joseph Hudson, tajiri mwenye duka kubwa mjini humo aliyetoa mtaji. Magari yake yalikuwa mapana, mazito na yenye injini za nguvu. Mwaka wa 1948 ilitoa umbo jipya lililowashangaza watu: sakafu ilishushwa katikati ya vyuma vya fremu, hivi kwamba abiria aliingia kwa kushuka badala ya kupanda. Gari la umbo hilo lilizidi urefu wa mita 5 na upana wake ulikaribia mita 2. Kwa kulinganisha, Morris Minor, gari la Kiingereza lililotoka mwaka huohuo, halikufikia urefu wa mita 4.

Magari ya Kimarekani yalikuwa na sifa katika Afrika Mashariki tangu zamani. Walowezi waliyapenda kwa sababu yalistahimili barabara za udongo mwekundu zilizogeuka tope la kuteleza wakati wa masika na vumbi jembamba wakati wa kiangazi. Springi zake zilikuwa laini, na injini ya silinda 6 iliweza kupanda miinuko ya Kiambu na Limuru bila ya kuhema. Ubaya wake ulikuwa mmoja: yalikunywa petroli kama ng'ombe aliyetoka malishoni.

Baada ya vita, kulimiliki gari la aina hiyo kulikuwa kugumu kuliko hapo awali. Kenya, kama makoloni mengine ya Uingereza, ilikuwa katika eneo la pauni, na Uingereza ilikuwa na uhaba mkubwa wa dola. Kuagiza bidhaa kutoka Marekani kulihitaji kibali, na vibali vilitolewa kwa uchache ili watu wanunue magari ya Kiingereza. Aliyetaka gari la Kimarekani alilazimika ama kumsubiri mwagizaji apate kibali, ama kutafuta lililokwisha kutumika na mwingine nchini.

Mambo yalizidi kuwa magumu Septemba 1949, Uingereza ilipoishusha thamani pauni kutoka dola 4.03 hadi dola 2.80. Kwa kuwa pauni moja ilikuwa sawa na shilingi 20 za Afrika Mashariki, dola iliyonunuliwa kwa takriban shilingi 5 sasa ilihitaji zaidi ya shilingi 7. Gari lililouzwa dola 2,000 kiwandani lilipanda kutoka shilingi 9,900 hivi hadi karibu shilingi 14,300, kabla ya nauli ya meli na ushuru. Kwa kibarua wa shamba la mlowezi, aliyelipwa shilingi chache tu kwa mwezi, hizo zilikuwa fedha zisizoweza kupatikana hata katika maisha mawili.

Kwa hiyo Hudson ilipopita vijijini, haikuwa chombo cha usafiri tu. Ilitangaza ni nani aliyekuwa ndani na alisimama upande gani. Serikali ilitaka iwe hivyo. Machifu walikuwa kielelezo cha Mwafrika mtiifu aliyefanikiwa, na fahari yao ilikusudiwa kuwavuta wengine. Badala yake, kwa wengi ilichochea uchungu.

Ikumbukwe kwamba tuzo za mkoloni hazikuwa sawa kwa wote waliomtumikia. Upande wa pili wa Nairobi, Wanubi waliopigana katika majeshi ya Waingereza waliwekwa Kibera bila ya hati miliki. Vizazi vyao viliendelea kuishi hapo kama wapangaji wa serikali, huku vijiji kama Soweto Mashariki vikiota pembeni mwao, hadi mwaka wa 2017 jamii hiyo ilipokabidhiwa hati ya ekari 288. Askari alipewa makazi yasiyo na uhakika. Chifu alipewa mamlaka yasiyo na uhakika. Wote wawili walitegemea hisani ya bwana mmoja.

Kufikia mwaka wa 1952, mamlaka ya machifu yalikuwa yameanza kuyumba. Mau Mau ilikuwa imepigwa marufuku tangu Agosti 1950, lakini viapo vilienea usiku kutoka kijiji hadi kijiji. Waruhiu alisimama hadharani kuvipinga. Agosti 24, 1952, alikuwa miongoni mwa viongozi waliohudhuria mkutano mkubwa mjini Kiambu, pamoja na Kenyatta, Koinange wa Mbiyu, Harry Thuku na Eliud Mathu. Maelfu ya watu walifurika kuwasikiliza viongozi hao wakilaani Mau Mau.

Wachunguzi wa historia wamejadili mno iwapo Kenyatta alimaanisha aliyoyasema siku hiyo. Kuhusu Waruhiu hakukuwa na shaka. Naye hakubadilisha mwenendo wake baada ya mkutano. Aliendelea kutekeleza shughuli zake na kusafiri kwa gari lililojulikana na kila mtu, hadi siku aliyotoka katika kikao cha mahakama ya wenyeji na kukutana na wale watatu waliovaa sare.

Gavana mpya, Sir Evelyn Baring, alikuwa ameapishwa wiki moja tu kabla. Mauaji hayo yalimshtua, kwani kama Waruhiu angeweza kuuawa mchana karibu na Nairobi, hakuna chifu aliyekuwa salama. Katika muda wa siku chache aliiomba London idhini ya kutangaza hali ya hatari. Baring na Kenyatta wote wawili walihudhuria mazishi ya Waruhiu. Usiku wa kuamkia Oktoba 21, Kenyatta alikamatwa pamoja na wenzake wengi.

Wanaume wawili walitiwa hatiani kwa mauaji ya Waruhiu na kunyongwa mwaka wa 1953, ingawa kesi yao imeendelea kutiliwa shaka na wanahistoria kwa sababu ya madai kwamba maungamo yalipatikana kwa mateso. Mzee Koinange, aliyekuwa Chifu Mkuu kama Waruhiu lakini akageuka kuwa mkosoaji wa serikali, alishtakiwa pamoja na mwanawe mmoja. Waliachiliwa huru na mahakama, lakini mzee huyo akawekwa kizuizini. Alifariki mwaka wa 1960.

Waruhiu hakuwa wa mwisho. Oktoba 22, siku mbili baada ya tangazo la hali ya hatari, Chifu Nderi wa Nyeri alikatwakatwa kwa mapanga. Kisha kikafuata kipindi kirefu cha mauaji ya pande zote, makambi ya kizuizini na vijiji vilivyozungushiwa mahandaki. Kufikia mwisho wa vita, Waafrika zaidi ya 1,000 walikuwa wamenyongwa kwa amri ya mahakama. Kawangware na sehemu nyingine za Dagoretti, ambazo wakati huo zilikuwa ndani ya hifadhi ya Agikuyu na nje ya mipaka ya jiji, zilionja machungu hayo kama Kiambu yote.

Hudson nayo haikudumu. Mwaka wa 1954 kampuni hiyo iliungana na Nash na kuwa American Motors, na mwaka wa 1957 jina lake likaondolewa sokoni. Hali ya hatari nchini Kenya ilimalizika Januari 1960. Uhuru ulipokuja mwaka wa 1963, wakubwa wapya walichagua gari la Kijerumani, na wananchi wakawabandika jina la Wabenzi. Aina ya gari ilibadilika, lakini jicho la aliyesimama kando ya barabara lilibaki lilelile.

Hadi leo, jina la Waruhiu limo katika kituo cha mafunzo ya wakulima huko Githunguri. Marufuku dhidi ya Mau Mau iliondolewa mwaka wa 2003. Mwaka wa 2013 Uingereza ilikubali kuwalipa fidia wahanga 5,228 wa mateso, na mwaka wa 2015 mnara wa kuwakumbuka ukazinduliwa katika Bustani ya Uhuru, Nairobi. Wajukuu wa waliokula kiapo na wajukuu wa waliotumikia serikali huketi katika madarasa na makanisa yaleyale.

Kumhukumu Waruhiu kuwa msaliti ni rahisi, na kumfanya shahidi wa imani ni rahisi vilevile. Lililo gumu ni kukiri kwamba aliamini alichokitumikia, na kwamba waliomchukia walikuwa na sababu. Serikali iliyompa cheo ilimtanguliza mbele ya watu wake bila ya kutatua hata dai moja la ardhi yao. Alipokufa, ilimzika kwa heshima, kisha ikakitumia kifo chake kuanzisha vita ambavyo watu wa Kiambu, wa pande zote mbili, walivilipia kwa miaka minane.