Pasteur na Chumvi ya Mikono Miwili

Jina la Louis Pasteur wanalijua hata watoto wa shule. Mtu aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa akadungwa sindano na kupona, na mama anunuaye maziwa yaliyopashwa moto ili kuua vijidudu, wote wawili wana deni kwa mtaalamu huyo wa Ufaransa. Lakini kazi iliyomfungulia mlango haikuhusu mbwa wala maziwa. Ilihusu ukoko ugandao ndani ya mapipa ya divai, naye aliifanya akiwa kijana wa miaka 25, hana cheo wala jina. Kwa maoni yetu ndiyo kazi yake iliyo nzuri kuliko zote, na kwa kuwa husimuliwa mara chache, tumeona vema kuieleza leo.

Alizaliwa mjini Dole tarehe 27 Desemba 1822. Baba yake alikuwa mtengeneza ngozi, askari wa zamani wa jeshi la Napoleon, na nyumba yao ya baadaye katika mji mdogo wa Arbois ilinuka ngozi mbichi mchana kutwa. Mtoto hakuonyesha akili ya ajabu. Alipenda kuchora, na picha alizowachora wazazi wake zimehifadhiwa hata leo. Alipopelekwa Paris mara ya kwanza, mwaka 1838, alishikwa na hamu ya kwao hata baba yake akaenda kumrudisha. Mwaka 1842 alifanya mtihani wa sayansi mjini Dijon, na katika kemia alipewa alama ya wastani tu. Hata hivyo mwaka uliofuata aliingia École Normale, chuo kikuu cha walimu huko Paris, na alipohitimu akapata nafasi ya kusaidia katika maabara ya Balard, yule mwanakemia aliyegundua bromini.

Sasa msomaji atuvumilie kidogo, maana bila kuelewa fumbo lenyewe hatauona uzuri wa jibu. Katika ule ukoko wa mapipa hupatikana asidi iitwayo tartari. Mwanzoni mwa karne ya 19, Kestner, mwenye kiwanda huko Thann katika nchi ya Alsace, aliona katika kazi yake asidi nyingine iliyofanana nayo kwa kila jambo: viasili vilevile, kwa kipimo kilekile. Tofauti ilikuwa moja tu. Iko namna ya kuuchuja mwanga hata ukabaki ukitikisika katika bapa moja, na mwaka 1815 mzee Biot alikuwa amegundua kuwa vimiminika vingine, kama maji ya sukari, huligeuza bapa hilo kidogo wakati mwanga unapopita ndani yake. Asidi ya kwanza iliugeuza mwanga kuelekea mkono wa kuume. Ile ya pili haikuugeuza hata kidogo. Mwaka 1844 Mitscherlich, bingwa wa Ujerumani, alitangaza kuwa chumvi za asidi hizo mbili zinalingana hata kwa umbo la fuwele zake, yaani vile vichembe vyenye pande laini zing'aazo. Je, vitu viwili vilivyo sawa kwa yote vyawezaje kutofautiana mbele ya mwanga? Pasteur aliisoma habari hiyo, ikamkosesha raha.

Aliamua kutazama mwenyewe. Alitengeneza chumvi hizo, akaziacha zigande polepole, kisha akazichunguza moja moja. Katika fuwele za asidi ya kwanza aliona vibapa vidogo sana pembeni, ambavyo wakubwa wake hawakuvijali, navyo vyote vilielekea upande mmoja. Akatarajia kwamba chumvi ya asidi ya pili haitakuwa na vibapa hivyo. Lakini navyo vilikuwapo! Hapo mtu mwingine angevunjika moyo na kuyatupa mawazo yake. Yeye alizidi kukaza macho, ndipo akaona kwamba katika fuwele nyingine vibapa vilielekea kuume na katika nyingine kushoto, kama jozi ya viatu. Kiatu cha kushoto kina ngozi ileile, uzi uleule na misumari ileile, wala hakiingii mguu wa kulia.

Akafanya kazi ambayo mama yeyote anayechambua mchele katika ungo angeielewa mara moja. Alichagua fuwele kwa mkono, moja baada ya moja, za kuume huku na za kushoto kule, mpaka akapata mafungu mawili. Akayayeyusha kila moja katika maji yake, akaupitisha mwanga. Fungu la kuume liliugeuza mwanga kuume, na fungu la kushoto likaugeuza kushoto. Alipochanganya yote mawili kwa uzito ulio sawa, mwanga haukugeuka. Asidi ile ya pili, basi, haikuwa kitu kimoja; ilikuwa vitu viwili vinavyobatilishana. Inasimuliwa kwamba kijana huyo alitoka mbio maabarani, akamkumbatia mtu wa kwanza aliyekutana naye ukumbini.

Hatuna budi kusema pia kwamba alikuwa na bahati. Chumvi ile hujitenga katika fuwele za namna mbili ikiwa tu baridi inatosha, chini ya nyuzi 27 hivi za Selsiasi. Lau kazi hiyo ingalifanywa Mombasa au Dar es Salaam wakati wa kaskazi, fuwele za mikono miwili zisingalionekana kabisa. Na haki itendeke kwa mtu mwingine: Auguste Laurent, aliyefanya kazi katika maabara ileile, ndiye aliyemfundisha Pasteur kuzichunguza fuwele kwa uangalifu namna hiyo. Baadaye Pasteur hakumtaja kama ilivyostahili, naye Laurent alikufa maskini kwa kifua kikuu mwaka 1853.

Mwaka huo wa 1848 Paris ilikuwa katika mapinduzi, na mwezi Mei mama yake Pasteur akafariki ghafla. Katika siku hizo za msiba ndipo habari ya chumvi ilipofikishwa mbele ya Chuo cha Wataalamu. Biot, mwenye miaka 74, hakuwa mtu wa kusadiki kwa kusikia. Alimwita kijana, akampa asidi aliyokuwa ameipima mwenyewe, akamtaka aitengeneze chumvi mbele ya macho yake. Kimiminika kikaachwa palepale kwa mzee. Fuwele zilipoganda, Pasteur akaitwa tena kuzichagua na kuonyesha zipi za kuume, zipi za kushoto. Kisha mzee akasema kazi iliyobaki ataifanya yeye. Alianza na zile za kushoto, maana ndizo zilizokuwa jambo jipya, na mara tu alipotupa jicho katika chombo alijua kijana amesema kweli. Akamshika mkono, machozi yakimlengalenga. Tangu siku hiyo alikuwa kwake kama baba.

Mwaka 1849 Pasteur alihamia Strasbourg, akamwoa Marie Laurent, binti wa mkuu wa chuo cha huko (wala si ndugu wa yule Laurent wa maabara). Jioni mke huyo ndiye aliyeandika aliyoyatamka mumewe. Mwaka 1853 Pasteur aliweza kuigeuza asidi ya kwanza kuwa ya pili kwa kuipasha moto, na Chama cha Wafamasia cha Paris kikamtunuku faranga 1,500, ambazo nusu yake aliitumia kununulia vyombo. Miaka michache baadaye aliona jambo kubwa zaidi: ukungu ukiota katika asidi iliyochanganyika, hula ya kuume na kuiacha ya kushoto. Kitu chenye uhai, basi, hutambua mkono. Kutoka hapo alifuata chachu, kutoka chachu akafuata vijidudu, na mengine yanajulikana. Binti zake watatu walikufa wangali wadogo, mwaka 1859, 1865 na 1866. Mwaka 1868 kiharusi kikamdhoofisha upande wa kushoto. Aliendelea na kazi, akafariki tarehe 28 Septemba 1895.

Katika hospitali zetu hutundikwa chupa ya dekstrosi, na jina hilo latokana na neno la Kilatini dexter, yaani kuume, kwa sababu sukari hiyo huugeuza mwanga kuume. Levofloksasini, itumiwayo hata kwa kifua kikuu sugu, ni mkono wa kushoto peke yake wa dawa iliyotangulia, ambayo ilikuwa mchanganyiko wa yote miwili. Kuna na habari za uchungu. Thalidomidi iliuzwa huko Ujerumani Magharibi tangu 1957 hadi Novemba 1961, na akina mama wajawazito waliimeza kutuliza kichefuchefu. Watoto zaidi ya 10,000 duniani wakazaliwa na viungo vilivyopungua. Ulaumiwao zaidi ni mkono mmoja wa dawa hiyo, lakini kuutenga hakungewaokoa watoto hao, kwani ndani ya mwili mkono mmoja hugeuka kuwa mwingine. Mwaka 1992 wakuu wa dawa wa Marekani walitaka kila mkono wa dawa mpya uchunguzwe peke yake. Na katika maabara zinazopima dawa, chombo cha kupima mgeuko wa mwanga kingalipo mezani, kikifanya kazi ileile aliyoifanya Biot asubuhi ile alipoanza na fungu la kushoto.