Tumkumbuke Louis Rwagasore (1932–1961)

Ndugu wakimbizi, kila tarehe 13 Oktoba Warundi humkumbuka Louis Rwagasore, mtoto wa Mwami Mwambutsa wa Nne. Chama chake, UPRONA, kiliwakusanya Wahutu na Watutsi. Mke wake mwenyewe alikuwa Mhutu. Mwaka 1960 watawala wa Kibelgiji walimweka kizuizini. Hata hivyo, Septemba 1961 UPRONA ilipata viti 58 kati ya 64, naye akawa Waziri Mkuu. Wiki mbili baadaye aliuawa kwa risasi mjini Usumbura. Mahakama iliwatia hatiani viongozi wa PDC, chama kilichoshindwa. Baada yake UPRONA iligawanyika, ukabila ukatawala siasa, watu wakakimbia nchi. Tunapochagua viongozi wetu hapa kambini, anayeshindwa kwa kura asubiri kura nyingine.