Joseph Bramah, fundi wa kufuli lililowashinda wengi
Joseph Bramah alizaliwa mwaka 1748 katika familia ya wakulima huko Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza. Jeraha la mguu lilimwondoa shambani, akajifunza useremala na kuhamia London. Mwaka 1784 alipata hataza ya kufuli lenye ufunguo wa mviringo mfano wa bomba. Baadaye kufuli la aina hiyo liliwekwa kwenye dirisha la duka lake, na zawadi ya gini 200 ikaahidiwa kwa atakayelifungua bila ufunguo.

Bramah alifariki mwaka 1814, zawadi ikiwa bado haijapata mshindi. Mwaka 1851 Mmarekani Alfred Hobbs alilifungua, baada ya kuhangaika nalo takriban saa 50 katika muda wa siku 16.

Hakuna mwizi apataye nafasi kama hiyo. Hivyo anayenunua sefu ya kuhifadhia bastola au vito nyumbani aulize itamchelewesha mwizi kwa muda gani, kisha aikaze sakafuni kwa boliti, kwani sefu nyepesi hubebwa nzima.