Daktari Ward na Bustani Yake ya Chupani

Sisi tukaao katika nyumba za mji wa kale, ambazo hazina ua ila roshani, tumezoea kupanda rehani na asumini ndani ya madebe na vyungu. Lakini ni wachache wamjuao mtu ambaye kwa kuhangaikia jambo dogo kama hilo aligeuza biashara ya dunia. Mtu huyo ni Daktari Nathaniel Bagshaw Ward, aliyezaliwa London mwaka 1791.

Ward alikuwa mwana wa tabibu. Alipokuwa na umri wa miaka 13 alisafiri kwa merikebu hadi Jamaica, na mimea aliyoiona huko ikamwingia moyoni. Aliporudi alisomea udaktari, akatibu watu katika mtaa wa mashariki mwa London, karibu na gati. Huko hewa ilijaa moshi wa makaa ya mawe na masizi. Kila alipopanda makangaga uani, yalikufa.

Mwaka 1829 alitia buu la nondo ndani ya chupa yenye udongo wa majimaji, akaifunika, ili aone nondo akitoka. Kabla ya hayo kutimia, aliona kangaga na jani vimechipua katika udongo ule. Aliiweka chupa nje ya dirisha, na mimea hiyo ikaishi karibu miaka minne bila kumwagiwa maji hata tone moja. Ilikufa pale kifuniko kilipoliwa na kutu, maji ya mvua yakaingia.

Siri yake si kubwa. Jua la mchana hutoa mvuke katika udongo na majani. Mvuke hugonga kioo, hugeuka matone, kisha hurudi udongoni. Masizi hayaingii, wala upepo wa chumvi.

Basi Ward akaagiza masanduku ya mbao na vioo. Mwaka 1833 alipeleka mawili hadi Sydney, yakiwa juu ya sitaha, na mimea ikafika salama. Mwaka 1834 yalijazwa mimea ya Australia, yakarudi kwa safari ya miezi minane, yakipita baridi ya Rasi ya Horn na joto la ikweta. Mimea ilifika London ingali hai. Kabla ya hapo, mimea mingi iliyosafirishwa mbali ilikufa njiani kwa chumvi na kiu.

Ward hakuuficha uvumbuzi wake. Aliueleza katika kitabu mwaka 1842, na alitamani hata maskini wa vichochoro vya London wapate kijani ndani ya vyumba vyao. Lakini kioo kilitozwa ushuru mzito Uingereza hadi mwaka 1845, na waliotangulia kufaidi ni matajiri, waliopamba sebule zao kwa masanduku hayo.

Waliofaidi zaidi ni watawala wa makoloni. Baina ya mwaka 1848 na 1851 Robert Fortune, aliyejivika nguo za Kichina, alitoa maelfu ya miche ya chai China na kuipeleka India. Mwaka 1861 miche ya mti wa kwinini ilitolewa Amerika ya Kusini, nayo ikapelekwa India. Kwinini iliokoa roho nyingi, sikatai. Lakini wenye miti hiyo asili hawakugawiwa faida. Tena, udongo wa masandukuni ulichukua wadudu na maradhi ya mimea hadi nchi ngeni.

Ward alifariki mwaka 1868. Mimi simlaumu yeye, kwani alichotaka ni kangaga liishi penye moshi. Naona alichotuachia sisi ni hiki: kwanza kijue kinachokiua chungu chako, kisha ukikinge nacho. Hapa kwetu ni upepo wa bahari na jua kali. Kwa hiyo, anayetaka bustani ya chupa aiweke kivulini, kwani kioo kilichofungwa kikipigwa na jua letu huipika mimea. Na vyungu vya roshani viwekwe nyuma ya kizuizi, wala visiachiwe maji kwenye visahani, mbu wakazaa.