Montgomery: Daktari aliyefumbua kitendawili cha kondoo wa Nairobi

Mfugaji wa Murang'a au Nyeri anaponunua kondoo kutoka nyanda kavu, kisha wakafa baada ya siku chache ilhali wa jirani ni wazima, hana haja ya kushuku sumu wala uchawi. Fumbo hilo lilifumbuliwa zaidi ya karne moja iliyopita na daktari wa mifugo, Robert Eustace Montgomery.

Kati ya 1907 na 1909, akiwa na Allan Kinghorn, Montgomery alichunguza vimelea vya malale katika bonde la Zambezi. Baadaye aliajiriwa na serikali ya kikoloni jijini Nairobi.

Mwaka 1910 kondoo na mbuzi walioletwa Nairobi walikuwa wakifa kwa wingi. Walishikwa na homa kali, wakahara kamasi na damu. Wakati huo vipimo vya protini za damu zinazoashiria uvimbe mwilini havikuwapo. Montgomery alitegemea kipimajoto na damu yenyewe: alimdunga kondoo mzima damu ya mgonjwa, naye akaugua.

Katika ripoti yake ya 1917 alionyesha kuwa ugonjwa huo huenezwa na kupe wa kahawia apendaye kukaa masikioni, yule yule aenezaye ndigana kali kwa ng'ombe. Kupe huyo hustawi katika milima yenye mvua. Mwanakondoo azaliwaye huko hupata kinga kupitia dang'a ya mamaye. Mgeni kutoka penye ukame hana kinga hiyo.

Mwaka 1921 Montgomery alichapisha maelezo ya kwanza ya homa ya nguruwe ya Afrika, ugonjwa ambao hadi leo hauna tiba na umeenea hadi Asia na Ulaya.

Siku hizi maabara hupima haptoglobini, protini ambayo ni haba mno katika damu ya kondoo mwenye afya na hupanda upesi anapougua. Hata hivyo, kipimo hicho huonyesha tu kwamba kuna uvimbe, hakitaji kisababishi. Virusi vyenyewe sharti vitafutwe.

Montgomery alifariki zamani, lakini jamii nzima ya virusi, ikiwemo vya homa ya Kongo na Krimea, imepewa jina litokanalo na ugonjwa wa kondoo wa Nairobi. Kwa mfugaji, funzo lake lingali lile lile: kabla ya kumleta kondoo mgeni, mfikirie kupe.