Wangari Maathai: Profesa Aliyefurushwa kwa Nyumba ya Kazi

Kama umelelewa kwa mashamba makubwa ya chai, iwe Kericho ama Bomet, hii sheria unaijua bila kusomewa: kazi na nyumba ni kitu kimoja. Kampuni ikikutema leo, kesho unabeba godoro. Sasa skia hii. Huyo mama unayemjua kwa miti na tuzo ya Nobel alipitia hiyo noma pia, na alikuwa profesa.

Wangari alizaliwa tarehe 1 Aprili 1940, Ihithe, Nyeri. Mzae wake alikuwa dereva na mekanika kwa shamba la mzungu huko Nakuru, ng'ambo tu ya Mau ukitoka kwenu, na familia ikaishi huko huko shambani. Kwa hivyo maisha ya nyumba ya mwajiri aliyajua akiwa mtoi. Shule aliingia juu kaka yake Nderitu aliuliza nyumbani mbona Wangari haendi kusoma kama wao. Mathe yake akaona hakuna sababu ya kumzuia. Swali moja tu la mtoto, na mambo yakabadilika. Akasoma mpaka Loreto Limuru, na 1960 akawa kati ya wanafunzi waliosafirishwa Marekani. Kansas, halafu Pittsburgh.

Januari 1966 anarudi Nairobi akiwa ameahidiwa kazi ya chuo kikuu, idara ya zuolojia. Kufika, job imepewa mtu mwingine. Yeye aliamini ni juu ya vitu viwili: ni mwanamke, na kabila lake si lile lilitakikana. Aliyemwokoa ni profesa Mjerumani, Reinhold Hofmann, wa anatomia ya mifugo. 1971 akapata udaktari wa falsafa, mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na ya Kati kufika hapo.

Na hapo ndio stori inaanza kukuhusu wewe unayechuma chai. Wanaume waliofundisha naye walikuwa na marupurupu kamili: nyumba, matibabu, pensheni. Mwanamke, hasa aliyeolewa, alihesabiwa kama mtu atatunzwa na bwana yake. Kazi ni ile ile, masaa ni yale yale. Wangari na rafiki yake Vertistine Mbaya wakakataa. Walitaka chama cha wahadhiri kiwe chama cha wafanyakazi, ndio wapate nguvu ya kukaa mezani na mwajiri. Korti ikawakatalia, lakini mengi waliyodai yalikuja kukubaliwa baadaye. Ona vile hawakuomba sherehe ya siku ya wanawake ama fulana za bure. Walidai kitu kinachoandikwa kwa karatasi ya mshahara.

Kuna sehemu watu wengi huiruka. 1974 bwana yake, Mwangi Mathai, alishinda kiti cha Lang'ata baada ya kuahidi watu ajira. Wangari akachukua hiyo ahadi kwa uzito kuliko mwenyewe aliyeitoa. Akafungua kampuni, Envirocare, ya kuajiri watu wa kawaida wapande miti. Kitalu cha kwanza kilikuwa Karura. Ikakosa doo, ikakufa. Lakini 1977 wazo likarudi kama Green Belt, na safari hii mama aliyeotesha miche alilipwa kwa kila mche ulioshika. Ilikuwa hela kidogo sana. Lakini aliyetoa jasho ndiye aliyelipwa.

Linganisha na kwenu. Mama anachuma, anabeba gunia mpaka kituo cha kununulia majani, lakini mara nyingi namba ya mkulima huko KTDA ni ya mzee. Bonasi ikitoka, yeye anaisikia tu kwa redio.

Ndoa yake ilivunjika, talaka ikatoka 1979, na kwa kumkosoa jaji hadharani akalala jela ya Lang'ata siku tatu. Bwana akataka arudishe jina. Akaongeza herufi moja, Mathai ikawa Maathai, akaenda nalo.

1982 akaacha kazi ya chuo agombee ubunge, juu sheria ilitaka hivyo. Akafungiwa nje kwa sababu za kura, eti hajasajiliwa vizuri. Akarudi kuomba kazi yake, ameifanya miaka 16. Akaambiwa nafasi imejazwa. Na kwa vile si mfanyakazi tena, toka nyumba ya chuo. Mama wa watoto watatu.

Hapo ndio mchuma chai wa Kericho anamwelewa kuliko wengi wetu. Februari 2023 BBC ilitoa uchunguzi wake, na zaidi ya wanawake 70 walisema wamedhulumiwa kingono na wasimamizi kwa mashamba ambayo kwa miaka mingi yaliendeshwa na Unilever na James Finlay. Jiulize mtu angekataa vipi, kama huyo msimamizi ndiye ameshika kazi yako, na kazi ndiyo imeshika paa la watoto wako.

Wangari aliponea juu alikuwa na kanyumba kadogo South C, alikuwa amekanunua mwenyewe. 1989 alipopinga jumba la orofa 60 pale Uhuru Park, serikali ikaifukuza Green Belt kwa ofisi zake. Kazi yote ikahamia kwa hiyo keja.

Mengine unayajua. Ubunge wa Tetu 2002, waziri msaidizi wa mazingira, Nobel 2004, na kelele zake kuhusu Mau, msitu unaoipa chai yenu mvua. Saratani ikamchukua tarehe 25 Septemba 2011, na hata jeneza lake halikukatiwa mti. Majivu yake yako Upper Kabete, kwa taasisi inayoitwa kwa jina lake. Ni ya Chuo Kikuu cha Nairobi, wale wale waliomwambia atoe vitu vyake.